Darasa la saba alikuwa tano bora, kidato cha kwanza anapata 11 kati ya 50

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Chanika, Dar es Salaam. Nauza karanga za kukaanga na ubuyu pale kituoni. Baba watoto ni fundi ujenzi, leo ana kazi kesho hana. Sote wawili tuliishia darasa la saba. Nakuandikia habari za mtoto wangu wa pili, wa kiume, ana miaka 14. Nitamwita Hamisi, ingawa si jina lake.

Huko msingi Hamisi alikuwa haondoki tano bora. Mtihani wa darasa la saba alipata A ya Sayansi, na siku majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yalipotoka nilipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje kuuliza kuna nini. Tukajibana. Tulinunua mashati, viatu, kauntabuku, rimu, fagio la chelewa, kila kilichoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Suruali tulinunua mbili, maana msingi alikuwa anavaa kaptula tu. Zilikuwa ndefu, nikazipinda kwa mkono na kuacha pindo kubwa ili akirefuka nifumue. Asubuhi ya kwanza nilimpiga picha mlangoni, anacheka jino la mwisho linaonekana.

Hiyo ilikuwa Januari. Sasa Machi inaisha na mtoto yule simuoni tena. Anaondoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa kumi na moja jioni, anakula kimya, analala. Nikimuuliza habari za shule anasema "nzuri". Wiki mbili zilizopita wameletewa matokeo ya majaribio, kila somo kati ya 50. Nayaandika kama yalivyo: Kiswahili 44, Historia ya Tanzania na Maadili 38, Hisabati 26, Kiingereza 17, Biashara 14, Fizikia 12, Baiolojia 11, Jiografia 9, Kemia 8. Baiolojia, Mwalimu! Mtoto aliyekuwa anatufundisha sisi wazazi mambo ya malaria mezani. Picha ya karatasi yake nimekutumia.

Nilimbana mpaka akasema. Anasema darasani haelewi. Mwalimu anaongea Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, yeye ananakili ubaoni, na akifika nusu ubao unafutwa. Nimefungua daftari lake, mwandiko mzuri, lakini sentensi nyingi zimekatika katikati. Siku moja alichelewa kwa sababu makonda walimkataa, si unajua wao na wanafunzi. Mwalimu akamuuliza kwa Kiingereza kwa nini amechelewa, naye akajibu "Because konda is refuse me". Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo anaitwa Konda, na hajanyoosha mkono tena. Juzi ameniambia yeye bora aende gereji kwa mjomba wake Buguruni akajifunze kazi.

Baba yake anasema ni uvivu na kwamba ameanza kuiga makundi, na amemchapa mara moja. Mimi nimefikiria kukopa kwenye kikoba chetu nimhamishie shule ya kulipia ambako Kiingereza kinakolea. Niliyoulizia ni shilingi 1,800,000 kwa mwaka. Kikoba wanaweza kunipa 900,000, nyingine nitajua huko mbele.

Naomba uniambie ukweli, Mwalimu. Mtoto wangu ubongo umegoma? Nikope? Na mimi nisiyejua hata neno moja la Kiingereza namsaidiaje? Jioni namuona amefungua daftari, najifanya nachambua karanga, nazikunja kwenye karatasi za madaftari yake ya zamani, kumbe naona aibu tu kwamba sina cha kumwambia.

Mama Hamisi, Chanika

*

Marahaba, mama Hamisi. Pole, na hongera kwa hilo pindo la suruali. Mzazi anayeacha pindo anajua mtoto atakua.

Karatasi ya Baiolojia imefika. Nimeikuza kwenye simu na kuisoma mara tatu, maana mara ya kwanza sikuamini ninachokiona. Tuanze nayo.

Swali la pili linasema "Mention four characteristics of living things", yaani taja sifa nne za viumbe hai. Hamisi amejibu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu: kula, kupumua, kukua, kuzaliana. Mama, hizo ni sifa nne za viumbe hai! Zote ni sahihi, hakuna ya kubahatisha. Mwalimu amepitisha mstari mwekundu na kuandika sifuri kati ya nne, na kwa utaratibu wa mitihani yetu hakukosea, kwa sababu somo linalotahiniwa kwa Kiingereza jibu la Kiswahili halina maksi. Swali la tatu linamtaka aeleze kwa nini tunasoma Baiolojia. Pale amenakili maneno ya swali lenyewe kama yalivyo, akaweka nukta. Sasa nenda swali la mwisho, lile la kuoanisha picha za vifaa vya maabara na majina yake: nane kati ya kumi. Nyingi ya maksi zake 11 zimetoka pale, kwenye swali ambalo macho yanaweza kufanya kazi bila kungoja lugha.

Halafu rudi kwenye matokeo uliyoniandikia. Uliyaorodhesha kwa uchungu, nadhani ndiyo maana hukuona kilichomo. Masomo mawili ya juu ni Kiswahili na Historia ya Tanzania na Maadili, na hayo mawili ndiyo yanayofundishwa kwa Kiswahili. Yanafuata Hisabati, ambako tarakimu zimembeba hadi nusu, na naweza kukuwekea dau kwamba alizokosa ni zile hesabu za maelezo. Chini ya hapo kila kitu ni Kiingereza na kila kitu kimeanguka. Kama ubongo ungekuwa umegoma ungegoma kote. Huyu anayepata 38 kwenye Historia na 9 kwenye Jiografia ni mtoto yuleyule, kichwa kilekile, wiki ileile. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia.

Na mlango wenyewe tumeubadilisha sisi watu wazima. Miaka saba shule za msingi za serikali zinamfundisha mtoto kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja miongoni mwa mengine. Anajua moyo unavyosukuma damu, anajua mbu jike anavyoambukiza malaria, anajua kwa nini kuna usiku na mchana. Asubuhi moja ya Januari anavaa suruali badala ya kaptula, na kila anachokijua kinapewa jina jipya. Shule huwa na kozi ya Kiingereza ya wiki za mwanzo ya kuwavusha, lakini mimi niliyeifundisha nakwambia wiki chache hazivushi mtu mto wa miaka saba. Hili si jipya hata kidogo. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, tume ya rais iliyochunguza elimu yetu, ilipendekeza kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikulikubali. Mimi nilianza kazi ya ualimu miaka michache baadaye, nikastaafu bado tunabishana. Wapo wanaosema Kiingereza kibaki na wana hoja zao, siwabezi. Lakini wewe Hamisi wako yuko darasani leo, hawezi kungoja tumalize.

Sasa kuhusu wewe usiyejua Kiingereza. Hapa nitasema jambo ambalo pengine utadhani nakufariji. Kwa kazi ya jioni, wewe unamfaa kuliko jirani anayekijua. Jirani angemtafsiria, Hamisi angeitikia "ndiyo, ndiyo", na asubuhi angeamka mtupu. Wewe huwezi kumtafsiria, kwa hiyo itabidi yeye ndiye akutafsirie. Fanya hivi: chambua karanga zako kama kawaida, muweke kwenye stuli pembeni, daftari mkononi, umuulize, "Haya baba, leo mmefundishwa nini?" Akisema "laboratory rules", muulize ndiyo nini hiyo. Atajikuna kichwa, atasema ni sheria za maabara. Zipi? Akuambie. Kwa nini mtu asile chakula maabara? Akueleze. Muulize kama unavyomuuliza mteja aliyekupa noti yenye mashaka, bila kumtukana na bila kumwachia. Akiweza kukueleza kwa Kiswahili mpaka ukaelewa wewe uliyeishia la saba, basi somo analo. Akikwama, pale alipokwama aweke alama ya penseli, na kesho ndiyo swali la kumuuliza mwalimu. Mkimaliza, aisome ile sentensi kwa Kiingereza kwa sauti, mara mbili. Wewe hata usipoelewa itikia tu. Anahitaji sehemu moja duniani ambapo anaweza kukiongea Kiingereza kibovu na hakuna anayecheka. Nusu saa inatosha. Mtoto anayeamka saa kumi alfajiri usimkeshe.

Usione aibu naye akikufundisha. Mwambie akuambie karanga zinaitwaje.

Tukiwa kwenye karanga, hapo mwishoni mwa barua yako ndipo niliposimama nikashika kichwa. Unazifunga kwa madaftari yake ya zamani? Ya darasa la sita na la saba? Ya Sayansi? Mama, acha leo! Hizo karatasi ndizo kamusi yake. Sehemu kubwa ya atakayosoma kwenye Baiolojia, Fizikia na Jiografia mwaka huu ameshayagusa kwa Kiswahili, tena yameandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Kabla mwalimu hajaingia kwenye mada mpya, Hamisi afungue daftari la zamani, asome mada hiyohiyo kwa Kiswahili. Akiingia darasani ataanza kusikia jina jipya la kitu anachokijua, na hilo ni jepesi mara kumi kuliko kujifunza jina na kitu kwa pamoja. Usanisinuru anaujua. Kinachomtisha ni "photosynthesis", neno refu kama treni ya mizigo. Yakiwekwa mistari miwili, moja juu ya jingine, hofu inapungua. Kama mengine yameshaondoka na wateja, vitabu vya kiada vya msingi na sekondari vipo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Baba yake akiwa na simu ya kupangusa wanaweza kuvisoma humo, kile cha Sayansi cha darasa la sita upande huu na kile cha Baiolojia upande ule.

Mnunulie kauntabuku moja ndogo, ya kwaya moja inatosha, iwe ya maneno tu. Kila ukurasa aupige mistari apate safu tatu: neno la Kiingereza, maana kwa Kiswahili, na sentensi aliyoitunga mwenyewe. Nasisitiza aliyoitunga, si ya kunakili. Maneno sita kwa siku, yatoke kwenye masomo ya siku hiyo. Sita tu. Nimeona watoto wakianza na hamsini Jumatatu, Alhamisi daftari liko uvunguni. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya mitumba ataipata kwa bei ya kuelewana kwa wauza vitabu wa barabarani mjini.

Lakini wiki ya kwanza asianze na maneno ya masomo. Aanze na maneno ya maswali, kwa sababu karatasi yake inaonyesha pale ndipo anapopotea kabla hata hajaanza. "Mention" na "state" wanataka utaje tu, fupi, bila hadithi. "Define" wanataka maana. "Explain" wanataka ueleze, sentensi kadhaa, na sababu ndani yake. "Differentiate" wanataka tofauti, na ukieleza upande mmoja tu umepata nusu. "Outline", "give reasons", "compare", "list". Hayafiki hata kumi na tano, na yanarudi kila somo, kila mtihani, mpaka upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne. Ayaandike kwenye karatasi moja, uibandike ukutani anapolala. Mtoto anayejua anaulizwa nini hata Kiingereza chake kikichechemea ataokota maksi.

Na hiyo "Because konda is refuse me". Nimecheka, nisikudanganye, lakini nimecheka kwa furaha. Mtoto wa Machi ya kidato cha kwanza ameulizwa swali la ghafla, mbele ya watu, akiwa na jasho la kukimbia, akalielewa, akatoa sababu, akaanza na "because" mahali pake. Mwalimu alielewa? Alielewa. Sentensi sahihi ni "Because the conductor refused to take me". Aiandike ukurasa wa kwanza wa ile kauntabuku, chini ya ile yake. Wale waliocheka, wengi wao wangeulizwa wangenyamaza, ndiyo maana walicheka kwa nguvu vile. Kila kidato cha kwanza wana mtu wa kumtania, na hawa wakubwa wa kidato cha tatu wanawaita wote njuka bila kubagua. Jina la Konda likiitikiwa kwa hasira litadumu hadi kidato cha nne. Akiitikia "twende, twende, mbili mbele" litakufa kabla ya Juni. Hilo mwambie mwenyewe, au mwambie kaka yake amwambie, vijana wanapokezana maneno ya namna hii vizuri kuliko mama.

Nina dhambi ya kuungama hapa. Miaka ya 90 nilifundisha shule iliyokuwa na kibao cha mbao chenye kamba, na aliyeongea Kiswahili alivalishwa shingoni mpaka amkamate mwingine. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza alinyoosha mkono kwenye kipindi changu akauliza, kwa Kiswahili, "Mwalimu, mtoto akiwa tumboni yuko ndani ya maji, mbona hazami?" Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Nikamvalisha kibao. Jibu nililitoa baadaye, kwa Kiingereza, kwa darasa lote, naye ameinama anaangalia ile kamba. Mpaka anamaliza kidato cha nne hakuniuliza kitu kingine. Sijui kama mwalimu wa Hamisi anafanya kosa langu. Inawezekana kabisa ni kijana mzuri aliyebanwa na darasa la watoto wengi na mada za kumaliza.

Ndiyo maana nataka uende shule. Usiende kwa mkuu, na usiende kushtaki. Nenda kwa mwalimu wa darasa, siku ambayo si Jumatatu, muda wa mapumziko. Beba ile karatasi ya Baiolojia. Mwambie, "Shikamoo mwalimu, mimi mzazi wa fulani, naomba dakika tano." Hata akiwa mdogo kwako, mpe shikamoo ya kazi yake kama huoni uzito. Ukiona uzito, "habari za kazi, mwalimu" inatosha. Muonyeshe swali la pili, lile la sifa nne, ukae kimya umwache alisome. Walimu wengi wakiona jibu sahihi limepigwa mstari kwa sababu ya lugha, moyo unawauma. Halafu omba mambo mawili: mtoto aruhusiwe kuuliza kwa Kiswahili anapokwama, hata kama ni baada ya kipindi, na akalishwe karibu na mwenzake anayemaliza kunakili mapema ili akope sentensi zilizokatika. Walimu wetu wenyewe huchanganya lugha mlango ukifungwa, kwa hiyo huombi ajabu. Uliza pia kama kuna vipindi vya jioni vya kusaidia wanaosuasua.

Suala la makonda lisiwe dogo kwako, maana mtoto anayefika amechelewa na kudhalilishwa hasikilizi kipindi cha kwanza. Mwanafunzi ana nauli yake nafuu, na kumkataa ni kosa mbele ya LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Lakini alfajiri pale kituoni hakuna LATRA, tuseme kweli. Wewe unauza karanga kituoni, wapiga debe wanakujua. Ongea na mmoja ampandishe gari likiwa linapakia mwanzo wa njia, na asiende peke yake, wawe wawili watatu.

Kikoba usikope. Kwanza hesabu yako haijakamilika: una nusu ya ada ya mwaka mmoja, na kidato cha kwanza hadi cha nne ni miaka minne, bila sare, bila basi, bila michango yao. Ukiyumba katikati, mtaji wa karanga umekwenda na mtoto anarudi shule ya kata akiwa na aibu mpya juu ya ile ya zamani. Pili, huko unakotaka kumpeleka atakutana na watoto waliosoma mchepuo wa Kiingereza tangu awali. Hapo alipo wanaohangaika ni darasa karibu zima, ingawa kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Huko angekuwa peke yake kweli. Kama kikoba kinakupa laki moja, nunua kamusi, kauntabuku na taa ya sola ya kusomea, mengine ongeza kwenye ubuyu.

Baba yake msomee sehemu hii kama yuko karibu. Ndugu yangu fundi, wewe ukipewa ramani iliyoandikwa Kichina, ukakaa nayo siku nzima bila kuweka tofali, msimamizi akuite mvivu? Mwanao anaamka saa kumi, anapigana na daladala, anakaa saa nane mbele ya ramani asiyoisoma, na kesho yake anarudi tena. Fimbo haitamfundisha "explain". Jumapili moja mchukue ukamuonyeshe kazi yako, akusaidie kupima, akutajie pembe na vipimo kwa Kiingereza. Hesabu anaziweza, utaona.

Na hiyo gereji ya Buguruni. Ufundi ni heshima, na mtaala mpya una mkondo wa amali kwa wanaotaka kwenda huko wakiwa shuleni. Anayeupenda ufundi aende mbio. Ila Hamisi hajasema anapenda magari, amesema anataka kutoka mahali anapochekwa. Mjomba mwambie amkaribishe likizo ya Juni, aguse grisi, arudi Julai. Uamuzi mwingine usifanywe mwaka huu.

Usitarajie muujiza kwenye majaribio ya Mei. Nilivyowaona wengi, ile miezi ya mwanzo wanazama, halafu kama Agosti au Septemba kuna siku mtoto anarudi nyumbani na kusema, "Leo nimeelewa kipindi chote." Wengine huchukua mpaka kidato cha pili. Usimlinganishe nafasi yake ya darasani na ile ya msingi, tazama kama 11 imekuwa 16, na kama kwenye karatasi kuna sentensi alizojaribu badala ya nafasi tupu. Ukiona jibu la Kiingereza bovu mahali palipokuwa patupu, mkaangie yai.

Likizo ya Juni nitumie karatasi nyingine ya Baiolojia. Na yale madaftari, hata kama yamebaki mawili, yatoe kwenye beseni leo jioni. Karanga funga kwa magazeti.